Ngoma Ndani ya Santuri

Kwanza ilikuwa harufu: ngozi mbichi, ndani ya nyumba ambamo hamkuchinjwa hata kuku.

Antipasi, mwalimu wa kwaya pale Mungaa, alikuwa ameachiwa gramafoni na mmisionari Mmarekani aliyerudi kwao. Santuri ilikuwa moja. Vinanda na tarumbeta nyingi, muziki wa kisasa wenye kugongana, ambao mtunzi wake aliujenga juu ya nyimbo za wazee wa jimbo lake huko ng'ambo. Antipasi aliusifu sana, akawaalika majirani wausikie.

Katikati ya muziki palikuwa na ngoma. Alasiri ile Antipasi aliinua sindano. Ngoma ikaendelea.

Majirani walicheka, wakaacha kucheka, wakaondoka bila kuaga. Yunisi, mkewe, alimkaza mtoto mgongoni, akanong'ona, "Baba Martina, hiyo si ya Wazungu. Hiyo ni ya mama."

Mama yake Antipasi alikuwa mpiga ngoma. Antipasi alipobatizwa aliichoma ngoma ile uani; na mama alipokufa, aliwakataza wanawake wasimpigie wala kumwimbia. Alizikwa kimya, kama mtu asiye na kwao.

Tangu alasiri ile Martina hakunyonya. Vidole vyake vilipiga mgongo wa Yunisi taratibu, na harufu ya ngozi ikaingia kwenye uji, kwenye maziwa, kwenye nywele za mtoto, na kila ngoma ilipolia ndani ya ukuta homa ilipanda, na Antipasi alipoiponda santuri kwa jiwe, vipande vilitetemeka sakafuni kwa mapigo yaleyale, kama vinacheka.

Akaitwa mama mdogo Felista, mganga. Alinusa mlangoni, akasema dada yake amerudi na hakurudi kwa wema. Kisha macho yake yakageuka meupe, na sauti ikatoka ambayo haikuwa yake.

"Wazee wa watu umewapa kiti nyumbani kwangu. Mimi ulinizika bubu."

Antipasi alipiga magoti. "Shikamoo, mama. Chukua changu chochote. Mwache mtoto."



"Marahaba."

Ngoma ikakoma. Martina akalia, akatafuta titi, akanyonya.

Jumapili, kanisani, Antipasi alisimama mbele ya kwaya yake, akainua mkono, akafungua kinywa aanzishe wimbo.

Ikatoka ngoma.