Jicho Dogo la Simu

Kila jioni, kabla ya saa kumi na mbili, Sindano alifagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya mama yake, akapangusa kioo kirefu cha wateja, kisha akaketi mbele ya televisheni na daftari lake. Chumba hicho cha kushonea ndicho kilichokuwa sebule yao. Majirani walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia.

Saa kumi na mbili ilikuwa zamu yake ya kutazama kipindi cha sayansi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umekaribia. Saa moja ilikuwa zamu ya kaka yake, na kaka alitazama mpira.

Tangu rimoti itumbukie kwenye ndoo ya maji, waliwasha televisheni kwa kubonyeza kitufe chake. Wiki hiyo hiyo mambo ya ajabu yakaanza. Sindano alipofungua tu daftari, televisheni ilizimika. Akiiwasha, inazimika tena. Kaka akiiwasha, inawaka mpaka mpira unakwisha.

"Una mkono mzito, mdogo wangu," kaka alisema. "Unabonyeza kama unaua kunguni."

"Nabonyeza kwa kidole kimoja."

"Kidole chenyewe sindano. Umeitoboa."

Mama alicheka. Lakini fundi wa televisheni alipokuja, akaifungua na asione kasoro yoyote, mama hakucheka tena.

"Mwanangu, usiiguse tena. Muda wako mwachie kaka yako, yeye anaiweza."

"Na mtihani, mama?"

"Soma vitabu."

Sindano alimgeukia kaka yake. "Kaka, niambie kweli, ni mimi ninayeiharibu?"

"Inapozimika, mimi sijaigusa hata siku moja," alijibu kaka.

Usiku huo, kabla ya kula, Sindano aliomba, "Ee Mungu, iponye televisheni yetu, na uniondolee mkono wa kuharibu." Aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa kaka.

Baada ya siku nne mama alimwonea huruma. Aliiwasha televisheni yeye mwenyewe, akasema, "Keti, tuone," akarudi kwenye cherehani. Alikuwa ameshamshonea kaka kifuko cha simu kwa mabaki ya kitambaa, zawadi ya kuitunza televisheni.

Kipindi kilipoanza, Sindano aliona kitu kikitikisika kwenye kioo cha wateja, kilichosimama kando ya televisheni. Ni kaka, aliyeketi nyuma yake. Simu ilichungulia kutoka kwenye kifuko kama kichwa cha kobe, ikaelekea kwenye televisheni. Kidole gumba kikabonyeza. Televisheni ikazimika.

Sindano hakulia. Alikumbuka ile amina.

"Kaka," alisema bila kugeuka, "iwashe kwa simu uliyoizimia."

Cherehani ilinyamaza. Mama aliichukua simu. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na picha ya rimoti, na vitufe vyote.

"Simu hii ina jicho dogo hapa juu," kaka alisema polepole. "Linatoa mwanga usioonekana, kama rimoti. Kuna programu yake, nimeiweka."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza iharibike. Nilitaka mpira wa mapema tu, mama. Na kweli nilipoizima sikuigusa televisheni."

"Hukuigusa televisheni," mama alisema. "Uligusa jina la mdogo wako. Ukaniacha nimwite mharibifu, na wewe unamsikia anaomba. Mungu amekupa ujuzi wa kutusaidia sisi sote, ukaufanya wa kumwibia mtoto. Ukweli wa nusu ni uongo uliovaa nguo safi."

Kuanzia siku hiyo, ikifika saa kumi na mbili, kaka aliiweka simu juu ya daftari la Sindano. Vipindi alivyovikosa alimfundisha mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Lakini usiku ule wa kwanza mama alimwambia kaka aombe. Kaka aliisukuma sahani yake kando, akafumba macho.

"Mungu, nisamehe. Niliitikia amina ya uongo. Na mdogo wangu anisamehe."

Mama aliitikia peke yake. Kaka akamgeukia Sindano.

"Usimharakishe," mama alimwambia kaka. "Kuchana ni mara moja, mwanangu. Kushona ni tundu kwa tundu."

Sindano alimsogezea kaka yake sahani. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema amina.