Mikono Miwili ya Kushoto

Asubuhi hiyo fundi cherehani aliamka na nia njema. Alifungua dirisha la chumba chake cha kazi. Alitia cherehani mafuta, tone hapa, tone pale. Aliweka kikombe cha chai mbali na vitambaa. Kisha akachukua simu.

"Naangalia kidogo tu," alisema. Hakuna aliyemuuliza.

Kidogo hicho kilitosha chai kupoa.

Huko kwenye simu alikuwepo Madoido. Zamani fundi na Madoido walijifunza kushona pamoja, wakigombania cherehani moja mbovu. Sasa Madoido alikuwa na chumba chake cha kushonea upande wa pili wa soko. Kila siku ukurasa wake ulikuwa na picha mpya. Leo gauni la bibi harusi. Jana maua aliyoletewa na mumewe. Juzi sofa la kijani.

Lile sofa! Fundi alilikuza kwa vidole mpaka akaona mshono.

"Mshono wenyewe umepinda," alisema.

Haukupinda. Fundi alijua haukupinda, na hilo ndilo lililomuuma.

Hata hivyo aliandika chini ya picha, "Hongera shoga yangu!" Akaongeza moyo mwekundu. Aliandika huku amekaza meno.

Mume wake, fundi baiskeli, alikuwa barazani akiziba pancha.

"Mume wa Madoido kamletea mkewe maua," fundi alimwambia kupitia dirishani.

"Na mimi si nilikuletea kabichi?"

"Kabichi ni maua?"

"Ni ua moja kubwa, mke wangu. Tena langu tulilila."

Siku nyingine angecheka. Leo alifunga dirisha.

Mezani kulikuwa na kitambaa cha zambarau cha jirani yao, mama muuguzi. Mama huyo alikuwa anastaafu, na Jumamosi ya wiki ijayo wenzake wangemuaga. Alitaka gauni la siku hiyo. Kitambaa kilikuwa kidogo, na dukani kilikuwa kimekwisha.

Kwa sababu hiyo fundi hakukikunja akate mikono yote miwili pamoja, alikata mmoja mmoja. Aliweka kigezo cha karatasi juu ya kitambaa, akakata mkono wa kushoto. Hapo ndipo fundi hugeuza karatasi, ili apate mkono wa kulia. Lakini simu ililia. Madoido ameweka picha nyingine. Sasa amekaa juu ya sofa, miguu ameikunja.

Fundi alitazama. Alisonya. Aliandika hongera. Akarudi mezani, akakata mkono wa pili.

Karatasi hakuigeuza.

Kesho yake mama muuguzi alikuja kujaribu gauni. Mkono wa kushoto ulikaa vizuri. Wa kulia ulivuta, ukajikunja, ukamsukuma bega.

"Mwanangu," alisema, "mimi nataka kwenda mbele, mkono huu unataka kurudi nyumbani."

Fundi alipiga magoti, akaangalia kwapani.

"Mama, nimekukatia mikono miwili ya kushoto."

"Basi nitaagwa na nani? Na watu wa upande mmoja tu?"

Fundi alishindwa kucheka. Machozi yalimlengalenga. Mama muuguzi alivua gauni taratibu, akaketi.

"Ulikuwa unafikiria nini ulipokuwa unakata?"

"Sofa."

"Sofa gani?"

Fundi alimweleza yote. Alieleza maua, bibi harusi, na sofa. Alieleza sofa mara mbili.

"Ukimaliza kuangalia hizo picha, unajisikiaje?" mama muuguzi aliuliza.

"Kama nimekula limau na maganda yake."

"Na unaangalia mara ngapi?"

"Asubuhi. Mchana. Halafu jioni nikimaliza kazi."

"Kutwa mara tatu!" Mama muuguzi alipiga makofi. "Unajipa wivu kama dozi. Mwanangu, kuona wivu ni ubinadamu. Hata mimi ninao. Lakini mbona unaulisha? Wa kwako umenenepa. Pumzika na mtandao."

"Nikizima simu wateja watanipataje?"

"Nani kasema uzime simu? Iache ya kupiga na kupokea. Futa ile programu ya picha tu. Ukurasa wako haupotei, siku ukitaka utaurudia. Kabla ya kufuta, waandikie watu wako kwamba umepumzika, anayekutaka apige. Halafu simu iweke mbali na meza ya kazi, mahali ambapo ukiitaka lazima uinuke."

"Mpaka lini?"

"Anza mpaka gauni langu liishe. Siku za mwanzo mkono utaitafuta simu wenyewe. Upe mkono kazi. Ukiteleza usijitukane. Anza tena."

Mama muuguzi alisimama. Mlangoni akageuka.

"Kuhusu kitambaa, mwenzangu kazini alinunua cha kwake pamoja na changu. Mabaki yake yako kwa fundi aliyemshonea, huko ng'ambo ya soko. Wanamwita Madoido."

Fundi nusura ameze pini.

"Mama, nitakushonea gauni la mkono mmoja. Litakuwa fasheni."

"Mwanangu, nenda kwa Madoido."

Siku hiyo fundi aliandika ujumbe wake wa kuaga, akafuta programu, akaiweka simu jikoni juu ya kabati. Mama muuguzi alisema kweli. Mkono uliitafuta. Mara moja fundi aliinuka, akaenda jikoni, akawasha simu. Picha hakuna. Akafungua kikokotoo, akakitazama.

"Unapiga hesabu gani?" mume wake aliuliza.

"Niache."

Akarudi kwenye cherehani. Alishona mgongo wa gauni, akashona pindo. Jioni alikunywa chai ikiwa bado moto. Mume wake aliiona, akajimiminia na yeye.

Lakini kwa Madoido hakwenda. Kila asubuhi alisema kesho. Mpaka Alhamisi, kesho zilipokwisha, alivaa viatu akaenda.

Sofa lilikuwepo, kubwa, la kijani. Madoido alimkalisha juu yake. Lilikuwa laini! Fundi alitamani hata springi moja imchome. Haikumchoma.

"Shoga!" Madoido alimkumbatia. "Umepotea mno! Huulizi hata hali!"

Fundi alimtazama. "Siulizi vipi? Kila siku nakuandikia hongera. Na wewe unanijibu kwa mioyo."

"Hongera zipi?"

"Kule mtandaoni."

"Aa, kule!" Madoido alicheka. "Kule yupo mdogo wangu. Yeye ndiye anapiga picha, anaweka, anajibu. Mimi nilijitoa zamani. Nilikuwa namtazama fundi mmoja mwenye taa za rangi dukani kwake, roho inaniuma, mpaka nikaunguza suruali ya mteja kwa pasi. Simu yangu iko kwenye droo ya vifungo."

Mlangoni alisimama msichana, anakula karanga.

"Shikamoo dada," alisema. "Wewe ndiye wa hongera? Huwa unawahi kuliko wote!"

Fundi alitaka kuzama ndani ya sofa. Wivu wote ule, meno yote yale aliyoyakaza, alikuwa anampelekea mtoto mla karanga. Kwanza aliona aibu. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka akashika mbavu. Alipotulia, alitoa ile mikono miwili kwenye mfuko.

Madoido aliipanga mezani. "Yote ya kushoto! Kama enzi zile! Mwalimu angekuvalisha ukatembee nayo sokoni."

Alileta mabaki ya zambarau. Hayakutosha mkono mzima.

"Unga hapa chini, kwapani," Madoido alisema. "Akishusha mkono hapaonekani, na akiinua watu watatazama uso wake."

Fundi aliweka karatasi. Aliitazama. Akaigeuza. Madoido akashika kitambaa, fundi akakata.

Jumamosi mama muuguzi aliagwa. Alicheza, akainua mikono yote miwili juu, wa kushoto na wa kulia, na hakuna uliomvuta.

Jioni mume wa fundi aliingia na simu yake mwenyewe.

"Mdogo wake Madoido kaweka picha ya gauni lako. Watu wanasifu kweli. Hutaki kuona?"

Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Gauni lilikuwa limekwisha, lakini simu yake ilikuwa bado juu ya kabati. Alikuwa ameamua iendelee kukaa huko.

"Mikono imekaa sawa?"

"Imekaa."

Alishona kidogo. Kisha akashindwa kujizuia.

"Hebu niambie kitu kimoja tu. Kuna yeyote aliyenuna?"

Mume wake aliitazama picha, akaikuza kwa vidole.

"Wote wameandika hongera," alisema. "Meno yao siyaoni."

Fundi alicheka mpaka uzi ukatoka kwenye tundu la sindano. Akaulamba, akautia tena.

"Na kuhusu lile sofa..." alianza.

"Kesho nitakuletea kabichi," mume wake alisema, akaenda kufunga baiskeli.