Bati la Sufuria ya Harusi

Kila asubuhi, kabla wenye nyumba hawajaamka, Anifa alikuwa ameshafagia ua, amechota maji kisimani na kuosha vyombo. Geti hakuligusa. Yeye na mama yake walivuka ziwa mwaka 1996 wakikimbia vita vya Kongo, na Bi Mwamini wa Ujiji akawahifadhi katika chumba cha uani. Lakini wageni wasio na vibali walikuwa wakikamatwa barabarani na kupelekwa kambini, kwa hiyo mama alimkataza katakata kutoka. Watoto wa jirani walipokwenda shule, Anifa aliishia kuzisikia sauti zao tu nyuma ya ukuta. Ua ulimbana mpaka akachoka kuuona.

Bi Mwamini alikuwa mpishi wa shughuli. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, ila pua na ulimi havikumdanganya. Kila mwenye harusi hapo Ujiji alimwita yeye pamoja na sufuria yake kubwa ya shaba.

Siku moja kabla ya harusi ya binti wa jirani, Bi Mwamini alikwenda Kigoma mjini kununua mchele. Anifa akachungulia ndani ya ile sufuria, akaona haya kwa niaba ya Bi Mwamini. Nje iling'aa nyekundu, ndani imefubaa na kuwa nyeupe ya kijivujivu. Kwao Baraka, ng'ambo ya ziwa, msichana hupimwa kwa sufuria zake. Zisipong'aa, jina lake ni mvivu. Akakunja mikono ya gauni, akasugua kwa mchanga wa ziwa na jivu, na palipogoma akakwangua kwa kisu. Mpaka mchana, ndani nako kulikuwa kwekundu. Akaifunika kwa mkeka, akasubiri kusifiwa.

Bi Mwamini alirudi na mama wa bibi harusi, wakaketi barazani. Mgeni aliuliza kama sufuria ya shaba haina madhara. Bi Mwamini akamtoa hofu: Fundi Nasri huitia bati kila mwaka. Akaeleza kwamba si lile bati la kuezekea nyumba, bali madini meupe, laini, yanayoyeyushwa na kupakwa ndani ya sufuria ili chakula kisiguse shaba. Shaba tupu ikikutana na nyanya na ndimu hutoa sumu, na walaji hutapika mpaka wakaishiwa nguvu.

Anifa alisikia yote. Alimkimbilia mama yake chumbani, akamweleza, na mama akaufunga mlango haraka.

"Nyamaza, mwanangu," alinong'ona. "Tukifukuzwa hapa, tutakwenda wapi?"

Usiku huo Anifa hakupata usingizi wa maana. Akisema, watafukuzwa. Asiposema, watu watakula sumu. Kila upande aliogeukia alikuta ukuta.

Asubuhi ua ulijaa akina mama wenye visu na soga. Sufuria ilipandishwa mafigani, mafuta yakamwagwa, vitunguu vikaanza kunukia. Mama yake Anifa alikuwa akichambua mchele, kichwa chini. Kisha Bibiana, mmoja wa wasaidizi, akabeba beseni la nyanya zilizopondwa. Anifa akalishika beseni kwa mikono miwili.

"Dada, usimwage," alisema, machozi yakimtoka. "Bibi, nisamehe. Bati nimelikwangua lote. Nilidhani ni uchafu."

Bi Mwamini aliagiza sufuria iipuliwe, mafuta na vitunguu vimwagwe. Ilipopoa, akapapasa ndani kwa vidole, taratibu. Kisha akamtuma Bibiana kwa Fundi Nasri, na ujumbe kwa wenye harusi kwamba chakula kitachelewa.

Fundi alipofika alimkabidhi Anifa mivukuto ya kupulizia moto. Anifa alivukuta moto mpaka mabega yakauma, akaona kipande cha bati kikiyeyuka, na fundi akikisambaza kwa pamba hadi wekundu wote ukafunikwa. Mama yake akapiga magoti mbele ya Bi Mwamini, akasema watafungasha vitu vyao.

"Nani amekwambia ufungashe?" Bi Mwamini aliuliza. "Inuka. Bati likitoka, namwita Nasri. Wageni wangekula sumu, ningemwita fundi gani? Na wewe Anifa, chombo usichokijua, uliza kwanza ndipo ukiguse."

Pilau ililiwa alasiri, na hakuna aliyeumwa. Jioni, wakiosha vyombo, mama alimshika Anifa mkono wenye malengelenge.

"Mimi mtu mzima nilikwambia unyamaze, kwa kuogopa kambi," alisema. "Ungenisikiliza, leo ua huu ungejaa watu wanaotapika, na watoto wadogo wamo. Siku nyingine nikikwambia ufiche jambo litakaloumiza watu, mwanangu, usinisikilize."