Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Mimi ni mtu wa biashara. Wale wanaoona mapepo katika kila kichaka huwa nawacheka, tena mbele yao. Jioni hiyo nilikuwa nimetoka soko la Kabati na mtumba wa nguo za watoto, nikasema niufungue pale uani kabla giza halijaingia, ili kesho nipange meza mapema.

Ndani ya nyumba mjukuu wangu alikuwa analia. Alikuwa analia tangu azaliwe, hadi sauti ikaisha ikabaki kukwaruza. Titi hashiki. Kliniki walimpima wakasema hana kitu. Binti yangu Kasiva, mama yake, alikuwa amekonda mpaka shingo, na mimi nilikuwa na hofu ambayo sikutaka aione.

Nikavuta koti dogo la bluu. Lilikuwa zito upande mmoja.

Mfukoni kulikuwa na kibao chembamba kilichochongwa umbo la mtu. Kichwa, mabega, kiwiliwili. Uso hakuna. Kifuani kulikuwa na herufi mbili za wino mweusi, za kigeni.

Na kilikuwa kimelowa.

Koti kavu, mfuko mkavu, kibao chepechepe. Kilinuka mto... ule mnuko wa mafuriko, matope na majani yaliyooza. Sasa huku kwetu mafuriko yatoke wapi? Mvua ilishatukataa. Mto wetu ni mchanga mtupu, maji tunayafukua.

Nikaingia nacho ndani kumwonyesha Yvonne, binti ya dada yangu, aliyekuja kumwona mtoto. Anasoma Kijapani huko Nairobi, anataka kwenda Japani kutunza wazee.

"Hebu nisomee, Mjapani wetu," nikamtania.

Akakigeuza kwenye mwanga wa taa ya sola. "Hii ya kwanza ni mtu, Aunty. Hii ingine ni umbo. Zikiwa pamoja ni mwanasesere. Inasomwa ningyo."

Mtoto akaendelea kulia.

Kando ya kitanda alikuwa ameketi Mbinya, mama mkwe wa Kasiva, aliyekuja kumpa mtoto jina. Kwetu mtoto akilia hivyo tunasema anadai jina lake. Anawekwa titini, na majina ya jamaa yanaitwa moja moja, ya walio hai na waliokufa. Akinyamaza kwa jina fulani na kushika titi, hilo ni lake. Halirudishwi. Mbinya alikuwa ameita ukoo wake wote tangu mchana, kisha akaita wangu. Mtoto alikataa wote.

"Lakini inaweza kusomwa vingine," Yvonne akasema, amekunja uso. "Herufi ni hizo hizo, sauti ingine. Mwalimu alitaja siku moja. Sikumbuki ni ya nini."

"Soma tu."

"Hitogata."

Kimya.

Mtoto alikuwa amekata kilio katikati. Akageuza kichwa... si kwa mama yake. Kwa kibao. Kisha akashika titi, akanyonya mpaka tukasikia anavyomeza.

Kasiva alilia machozi ya furaha. Mbinya akapiga vigelegele, akamtemea mtoto mate kidogo kifuani, jinsi wazee wanavyobariki. "Amelikubali," akasema. "La ng'ambo, ndiyo, lakini amelikubali. Tutamwita Hito." Nami nilicheka. Ungekuwa pale nawe ungecheka, baada ya kilio kile.

Yvonne alikuwa ametuma picha ya kibao kwa mwalimu wake. Jibu liliingia tukinywa chai. Niliona akiweka kikombe chini polepole.

"Aunty," akaninong'oneza, "twende nje."

Uani alinisomea jibu la mwalimu. Likisomwa ningyo, ni kitu cha kuchezea. Likisomwa hitogata, hakichezewi. Mgonjwa anasuguliwa nacho, anakipulizia pumzi yake, na ugonjwa na mikosi yake inahamia pale. Kisha kinatiwa mtoni, maji yakipeleke mbali. Kinakwenda badala ya mtu.

"Na hiki mbona kilikuwa kwa koti?"

"Sijui. Labda aliyekitengeneza hakukifikisha mtoni."

Nilikimbia ndani. Kibao kilikuwa kimekauka kama kuni. Herufi hazikuwepo.

Nikamnyakua mtoto. Nguo zilikuwa kavu. Ngozi ilikuwa imelowa, na utosini... alinuka mto.

Kibao tulikichoma, kikaungua kama ukuni wowote. Mbinya aliita majina yote upya, akilia. Mchungaji Mulinge alimwombea, akamwita Yosia. Mtoto hakugeuka. Ukisema Hito, anageuka.

Sasa ni mnene na hajalia tena hata mara moja. Kliniki wanamsifu. Lakini goti langu lililoniuma miaka mingi liliacha kuuma siku nilipombeba. Kifua kilichokuwa kikimbana Mbinya kilifunguka alipomlaza juu yake. Majirani wamesikia, wanakuja na wagonjwa wao, na wakiondoka wazima mtoto anakuwa mzito zaidi. Nimewafukuza kwa matusi, wanarudi. Kasiva amekoma kuniuliza kwa nini nawafukuza. Tukienda kufukua maji, mtoto anatazama kule mto unakotoka, anatazama kama mtu anayengoja mgeni.

Jumapili kanisa lote lilipiga magoti kuomba mvua. Ng'ombe wanakufa, mahindi yamekauka, kila mtu alikuwa analia. Nilipiga magoti nao. Niliomba jua, mto ubaki mchanga. Niliomba jua kwa nguvu zangu zote, na watu wangenisikia wangenipiga mawe.

Leo tangu mchana mawingu yamefunika vilima. Upepo umeanza kunuka udongo. Kasiva amemfunga mtoto mgongoni kwa leso mbili, amefunga na mlango, na mtoto anacheka peke yake.

Majirani wanatoa ndoo nje.