Kinywa Ndani ya Kalibu

Kofia ya jino ilitoka kwenye kalibu ikiwa imelowa mate.

Levina aliigeuza mkononi, kifuniko kidogo cha madini cha kuvika jino bovu. Madini yalikuwa yamemiminwa mle yakiwa moto kama kaa. Majimaji haya yametoka wapi? Akaifuta kwa kitambaa. Mgonjwa wake, Mzee Ngassa wa Sikonge, alipokuja kuijaribu, haikumkaa.

"Mwanangu, hili ni jino la mtu mwingine," alisema mzee.

Levina alitengeneza meno ya bandia peke yake, katika chumba cha uani alichopanga kwa Bi Fakhria, mjini Tabora. Tangu afiwe na mumewe Zablon, siku nzima ingeweza kupita bila mtu kumwita jina. Alibadilisha unga wa kalibu, ule unaotanuka kidogo motoni ili madini yakisinyaa yalingane na jino. Kofia nyingine ikatoka kubwa, imelika juu kana kwamba imetafuna miaka mingi. Iliyofuata vivyo hivyo. Chumba kikaanza kunuka pumzi ya mtu aliyetoka kuamka.

Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini na mtaa umetulia, sauti ilitoka ndani ya tanuri lililopoa.

"Levina. Umekula?"

Ilikuwa sauti ya Zablon. Alijua si yeye, maana alimwona akishushwa kaburini kule Ipole, na bado moyo ukamlegea, akavuta kigoda karibu na tanuri, akajibu kwa kunong'ona kwamba bado, na sauti ikamuuliza hili na lile mpaka jua likashuka naye hajahisi njaa wala kiu, na kila alipojibu alisikia mle ndani meno yakigongana taratibu, kama mtu anayejaribu kinywa kipya.

Bi Fakhria alisikia sauti mbili, akamleta Maalim Badar. Levina ni Mkristo, Mmoraviani, lakini hakukataa. Maalim alizitazama zile kofia mezani.

"Anajitengenezea kinywa," alinong'ona. "Kikitimia, atataka na mwili."

Akasoma aya. Kalibu zikapasuka.

"Wewe nani?" Maalim aliliuliza tanuri.

"Niliugua safarini." Haikuwa tena sauti ya Zablon. "Msafara wa pembe ukaniacha nifie hapa, ukaenda zake pwani. Huyu mama ananijibu. Na yeye, nani mwingine atamjibu?"

Maalim alimgeukia Levina. "Wewe ndiye uliyempokea. Lazima umwambie mwenyewe atoke."

Levina aliweka kiganja juu ya tanuri. Bi Fakhria akamshika mkono. "Sema, mwanangu. Atakumaliza."

"Toka," alisema Levina. Kisha, chini kwa chini, "Nisamehe."

Upepo wa moto ukapita katikati yao, ukaishia barabarani.

Kofia mpya ilimkaa Mzee Ngassa barabara. Alitafuna karanga palepale, akicheka. Alipoondoka, Levina alisimama mbele ya tanuri akisikiliza. Hakuna aliyemuuliza kama amekula. Akaketi sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza tangu awe mjane.