Watazamaji Walimsalimia Mama

Jioni ile nilikwenda duka la dawa mbio mbio, nikarudi mbio mbio. Dawa ya mama ilikuwa imeisha, na nusu fainali yangu ilikuwa inaanza jua likizama. Nilimkuta dada yangu mshonaji mlangoni, anatoka kumpelekea mteja gauni.

"Mpe dawa kwanza, ndipo ukacheze makadi yako," alisema akivaa viatu. "Na uvue hayo madude masikioni, umsikie."

"Dada, kwani mimi simjui mama yangu?"

"Unamjua. Ila ukishakaa hapo, hata nyumba ikiungua utauliza zamu ya nani."

Mama alikuwa amepooza upande wa kulia. Hatembei, hasemi. Mkono wa kushoto tu ndio uliokuwa unamtii. Nilimpa dawa, nikamfunika, nikamwachia taa, nikakimbilia meza yangu sebuleni.

Mchezo wetu ni wa kadi za mtandaoni. Unakusanya kadi za majitu na mashujaa, unapambana na mtu aliye huko aliko, na watu wanakuangalia kupitia kamera na kukuandikia pembeni ya skrini. Mimi wananiita Fundi. Kwenye mashindano tunaichelewesha picha dakika kadhaa, maana mpinzani mjanja angefungua matangazo yangu achungulie kadi nilizoshika. Kwa hiyo watazamaji huona mambo ambayo yameshapita.

Mechi ikakolea. Nilikuwa nachapwa, si mchezo. Ghafla maandishi yakaanza kumiminika.

"Mama amesimama!"

"Shikamoo mama!"

"Fundi, geuka, mzazi anatembea!"

Nilipandwa na hasira. Mashabiki wa upande wa pili wana tabia hiyo: wanakushtua ugeuke, zamu yako ipite. Mara moto, mara nyoka. Lakini kumtania mama yangu mgonjwa? Washenzi! Sikugeuka. Nikachagua kadi, nikamaliza zamu.

Halafu mtazamaji wangu wa siku zote, mtu asiye na utani, akaandika:

"Fundi, mbona mama anatoka nje na giza linaingia? Nani huyo anamvuta?"

Nikageuka.

Hakuna mtu.

Nikavua vipokea sauti vya masikioni. Kimya... Mlango wa nje ulikuwa wazi kidogo, na sebule nzima ilinuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Nikakimbilia chumbani. Mama alikuwa kitandani, shuka hadi kidevuni, macho amefumba, anapumua vizuri tu. Kumbe ni upuuzi wao! Nikarudi sebuleni, nikafungua matangazo yangu kwenye simu, nikayarudisha nyuma nione wamenichezea vipi.

Nilijiona nimekaa, nimeinamia kadi. Nyuma yangu mlango wa chumba ukafunguka, taratibu. Mama akatoka... anaburuta mguu wa kulia. Mkono wa kushoto umenyooshwa mbele, kama mtoto anayevutwa asikotaka kwenda.

Anayemvuta haonekani.

Alipofika nyuma ya kiti changu alijikaza, akasimama. Akafungua mdomo. Akaufungua tena. Alikuwa ananiita, mama yangu, na sauti haitoki. Na mimi pale kwenye picha nachagua kadi.

Kisha akavutwa hadi nje, na mlango ukajirudisha nyuma yake.

Hayo yote yalikuwa yametokea dakika kadhaa kabla sijageuka.

Sasa yule kitandani...

"Mwanangu," sauti ikaita kutoka chumbani. Laini. Haina kigugumizi hata kidogo. "Umeshinda?"

Nilitoka nje kama mwendawazimu. Nilikimbia barabara yote nikiita mama, mama, hadi sauti ikakauka. Watu walinishangaa madirishani. Hakuna aliyemwona.

Niliporudi, dada alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, analia na kucheka kwa pamoja. Yule mwanamke alikuwa amekaa wima, anampangusa machozi kwa mikono yote miwili.

"Mdogo wangu, njoo uone! Mama anaongea!"

"Dada, huyo si mama." Nilimnyooshea simu. "Angalia hapa. Nakuomba."

Aliisukuma bila kuitazama. "Hata leo? Hata leo unaniletea makadi yako?"

Ndipo mlango wa nje ukagongwa.

Polepole. Kwa kiganja kimoja, kilichochoka.

"Nani?" dada aliuliza, akitoka kwenda sebuleni.

Kimya.

"Nauliza nani?"

Kiganja kikagonga tena.

Nikaruka niwahi kufungua. Yule wa kitandani akanidaka mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na kucha zimejaa udongo.

"Mwanangu, usifungue," alinong'ona. Kisha akapaza sauti, kwa upole uleule wa mama yangu: "Binti yangu, funga komeo! Mtu mwema akigonga usiku hutaja jina lake."

"Dada, usi..."

Nilisikia komeo likiingia.

Nilivuta mkono wangu kwa nguvu zangu zote. Wapi! Alikuwa amenishika kwa ule wa kulia. Na kule mlangoni, kugonga kulikuwa kunapungua.