Mbegu Mia Mbili za Mama Andendekisye

Kila Jumamosi, baada ya kufagia bwalo, wasichana wa darasa la nane walikwenda kwenye ghala la mbegu. Jumamosi moja ya mwaka 1956 Damari, mmoja wao, alifika akiwa hoi. Tangu Jumatatu alikuwa akihesabu mbegu za kahawa za kuwagawia wakulima wa Rungwe, mia mbili kila mfuko. Jamani, nani asingechoka?

Ijumaa Mwalimu Gideoni, aliyefundisha sayansi, alimhurumia. "Mbona unajitesa? Pima mia moja kwa mzani wa darasani." Mbegu mia moja kavu zilikuwa na gramu ishirini. Kwa hiyo mia mbili ni gramu arobaini. Damari aliandika "40" ukutani kwa chaki, akamshukuru Mungu.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo mbegu kavu zilikuwa zimekwisha. Alichota zilizotoka kuoshwa, akapima arobaini, arobaini, mifuko ishirini na mitano, huku macho yakifumba yenyewe.

Nje wakulima walikuwa wakingoja. Wa kwanza alikuwa Mama Andendekisye, mjane aliyetembea tangu alfajiri. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili.

"Ndaga, asante, mwanangu. Nimelima kitalu cha miche mia mbili peke yangu, na mgongo wenyewe ndio huu."

Damari aliutazama ule mfuko. Mbona mdogo? Alifungua mwingine mezani, akahesabu. Mia moja! Mbegu zilikuwa zimejaa maji, kila moja uzito mara mbili. Mungu wangu, kupima yote upya! Angenyamaza, hakuna ambaye angejua mpaka siku ya kupanda. Mama alikwisha kugeuka aondoke.

"Mama, ngoja! Nimekosea. Hiyo ni nusu tu."

"Lo! Nusu?"

Mwalimu Gideoni alikuja. Damari alieleza yote, machozi yakimlengalenga. Mwalimu hakufoka. Walipima mbegu mia moja mbichi: gramu arobaini. Wakaongeza gramu arobaini katika kila mfuko.

"Ndivyo ilivyo hata kwa atomu," mwalimu alisema. "Hazihesabiki kwa kidole, tunazipima. Gramu kumi na mbili za kaboni ni moli moja, yaani fungu lenye idadi maalumu ya atomu. Chuma kinataka gramu hamsini na sita kufikisha moli hiyohiyo, idadi ileile ya atomu. Ukitumia gramu za kaboni kupima chuma, unapunjika. Kabla ya kugeuza uzito kuwa idadi, uliza kwanza unapima nini."

Damari alifuta "40" ukutani, akaandika: "Kavu 40, mbichi 80."

Mama Andendekisye aliupokea tena mfuko wake, sasa umetuna.

"Mimi hayo ya atomu siyajui," alisema. "Ila ungenyamaza, nusu ya kitalu changu ingebaki udongo mtupu, nami ningeilaumu mvua. Umechoka, mwanangu, lakini umesema kweli. Sasa nenda kalale."